Siku Niliyoambiwa Jina la Huzuni Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni tena, hiyo ya kwanza ilikuwa baridi! Mimi ni Akoth, fundi wa nguo pale Mamboleo. Wengi wenu hapa mmevaa kazi ya mikono yangu.

Ndugu zangu, miaka mingi mtu akiniuliza, "Akoth, unajisikiaje?" nilijibu, "Nimebarikiwa." Nilidhani ndilo jibu, kama vile mtu akisema hodi unasema karibu. Nilijua tu kwamba nimechoka. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, chakula hakina ladha, na siku za kutamani nisiwepo zikawa nyingi kuliko zile nyingine.

Kisha mama yangu akafariki. Tulimzika nyumbani, Muhoroni. Mnajua desturi yetu: binti akifika matangani analia kwa sauti tangu getini. Mimi nilifika kimya. Nikaona tenti imechanika, nikatoa sindano kwenye mkoba, nikaanza kuishona. Watu wanagaagaa chini, mimi nashona! Shangazi yangu akapiga makofi ya mshangao, akasema mbele ya wote, "Huyu hana moyo. Hakumpenda mama yake."

Ndugu zangu, nilimwamini! Hilo ndilo lililonivunja. Nilirudi kwangu Migosi nikijiuliza, kama sikumpenda mama, mimi ni mtu wa aina gani?

Nikaja hapa kuombewa. Kina mama wa maombi, Mungu awabariki, walikemea roho ya ubaridi mpaka sauti zikawakauka. Wenzangu walianguka, mimi nikasimama tu. Nilipoona wamechoka, nikajilaza chini polepole, sketi nimeikunja vizuri, ili tuende nyumbani. Msicheke! Haya, chekeni. Lakini niliondoka nikiamini kwamba hata Mungu amenitafuta moyo akaukosa.

Mdogo wangu Atieno ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kituo cha afya. Baada ya kuniona mara kadhaa, daktari akaniambia nina usonji tangu utotoni, yaani ubongo wangu husoma hisia kwa njia yake, na juu yake ugonjwa wa huzuni, ambao unatibika. Nikabisha: "Huzuni gani? Mimi sisikii kitu." Mshauri wa pale, dada mmoja mpole, hakushindana nami. Akasema, "Wewe ni fundi. Nipimie mwili wako. Shingo ikoje? Kifua kikoje tangu mazishi?"

Hilo naliweza! Nikamwambia: shingo imekaza. Kifua kinabana kana kwamba nimevaa blauzi ya mtoto. Samaki wa kupikwa kama alivyopika mama sijaweza kumeza. Na gauni la kumzikia nililifumua mara tatu nikalishona upya, kwa sababu kola ilikuwa juu, na mama hakupenda kitu kimguse shingo. Yule dada akaweka kalamu chini. "Akoth, hiyo ndiyo huzuni. Hivyo ndivyo ulivyomlilia mama yako."

Nyasaye wangu, Mungu wangu! Machozi hayakutoka. Lakini mabega yalishuka, nikapumua mpaka tumboni.

Tangu siku hiyo najipima kila asubuhi. Naandika kwenye daftari: kifua, tumbo, shingo, halafu nakisia jina. Dawa nameza, kwa mshauri naenda, kanisani nipo, na Mungu hajaniambia nichague. Usonji haujaondoka, wala siombi uondoke. Iliyoondoka ni aibu, na ule uzito unaendelea kupungua.

Mwezi uliopita nilikuwa naosha vyombo, mara kifua kikafunguka, mikono ikaanza kupepea yenyewe, miguu inataka kuruka. Nikaogopa! Nikampigia Atieno simu: "Njoo haraka, naumwa." Nikamweleza, akacheka mpaka akalia. "Dada, hiyo ni furaha!" Furaha, ndugu zangu! Kumbe iko hivyo! Mlikuwa na kitu kitamu namna hii siku zote na hamkuniambia?

Namshukuru Yesu. Na wewe uliyeketi hapa na uzito ndani, hujui uuite nini, usijihukumu. Mtegemee Mungu, mwambie mtu mmoja, uende hospitali. Aliyekuumba hangoji ulie kama wengine ndipo akusikie.

Shangazi yangu ameketi pale nyuma, nimemwalika mwenyewe. Shangazi, nitazame, na kanisa lote lisikie. Nilimpenda mama yangu. Nilimpenda sana!