Kitako cha Mkoba

Basi lilikuwa bado halijaliacha vumbi la Garissa, Weris alipompa jirani yake wa kiti mkoba auchunguze. Hawakujuana kabla ya hapo.

"Shika, abaayo, dada yangu. Nje ni turubai la hema bovu, ndani ni gunia la unga wa msaada, nimelifua mara nne. Hata uzi nimeufumua kwenye gunia. Dukani nimenunua zipu tu."

Jirani, Ramlo, akabonyeza kitako. "Na hiki kigumu? Kadibodi?"

"Kadibodi inaoza. Ni herio."

Ramlo aliruka kama aliyekalia mwiba. Herio ni mikeka minene ambayo mama huisuka miaka mingi, ifunike nyumba ya arusi ya bintiye. "Umekata nyumba ya mtoto wako?"

"Mikeka miwili tu. Binti yangu Iftin anataka bati. Hataki nyumba ya kubebwa na ngamia."

"Wakwe wataihesabu, wallahi! Watasema bibi arusi amekuja uchi."

"Nitauza mikoba, ninunue bati kabla hawajafika."

"Arusi lini?"

Weris alifungua zipu, akaifunga, akaifungua tena. "Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Mimi msimulizi hujivunia kwamba sikosi vina, lakini hapo, kati ya Ijumaa na Jumatano, nilivikosa.

Walizozana hadi Habaswein. Basi liliposimama, mama wa bwana arusi, aliyewahi kufika, alikuwa mlangoni. Akampokea Weris mkoba, akaubonyeza kitako. "Mashallah, mkwe mwenzangu! Umeweka nini humu?"

Ramlo, aliyekata tiketi ya Wajir, mbele zaidi, akashuka asikie jibu.