Historia ya Mjukuu Wangu Springi, na Wiki Saba Alizobakiza

Ndugu zangu, majirani, na ninyi mliovaa sare za Posta mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, haya anayowasomea mwanangu wa mwisho, mjomba wa marehemu, ni maneno yangu mimi bibi yake, nisiyewahi kufundishwa kushika kalamu, nimesema yeye akaandika, na nimemkataza kuyapunguza wala kuyapamba, hata akifika mahali akatamani kuruka mstari.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Machi 1987, saa mbili asubuhi, katika zahanati iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto pekee wa binti yangu mkubwa, mshonaji wa mashuka ya hospitali, ambaye alitutoka mtoto akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo mimi ndiye nikawa mama, ndiye bibi, na kwa utani wake ndiye mke mwenza, maana alizoea kuniambia, "Babu alituoa wote wawili, wewe wa kupika, mimi wa kudekezwa."

Alianza shule ya msingi Januari 1994, ile yenye ukuta wa kijani, akamaliza mwaka 2000, na huko ndiko alikopata jina la Springi, kwa sababu kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa juu ili watoto wasiichezee, naye akiwa darasa la tatu aliruka na jiwe mkononi akaigonga, shule nzima ikatoka kwenda nyumbani saa nne, mwalimu mkuu akaja na fimbo, akatazama reli ilivyo juu, akamtazama na yeye alivyo mfupi, akasema, "Hebu rudia nione," akarudia, na fimbo ikasahaulika. Sekondari alisoma kuanzia 2001 hadi 2004, hesabu ilimshinda wala hakuisumbua, lakini mpira wa wavu aliucheza mpaka wakubwa wa timu ya Posta wakaja wenyewe kumtazama.

Tarehe 2 Mei 2007 aliajiriwa na Posta kuwa mpeleka barua, akapewa yale maghorofa manne ya upande wa pili wa reli, kila moja lina ngazi za kupanda mara tano, na jioni akawa anachezea timu ya kazini. Wenye kungoja barua walimwita kutoka juu wakiwa wameegemea vyuma vya baraza, "Springi, pole mama, lifti imekufa tena!" naye akiwa chini na begi lake huwajibu, "Haijafa, haijazaliwa bado!" na hapo ameshafika ghorofa ya pili. Masanduku ya barua yalikuwepo pale chini mlangoni, lakini nusu yake hayafungi, na yeye hakukubali barua ya mtu ilale wazi, kwa hiyo alipanda.

Kwa ajili ya masanduku hayo hayo aliletwa fundi makufuli, akayatengeneza kwa wiki tatu kazi ya siku nne, sote tukajua kuna jambo, na Jumamosi tarehe 18 Desemba 2010 wakafunga ndoa mbele ya msajili, na fundi huyo ni mtu mpole kupita kiasi, ambaye marehemu alimsema mbele za wageni, "Mume wangu anafungua kila kitu, kasoro mdomo wake." Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 4 Juni 2012, huyu aliyekaa hapa mbele na kofia ya kazi ya mama yake, na mimi nilihamia kwao Januari 2018, vyumba viwili na jiko, wakanipa kitanda cha karibu na dirisha.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnivumilie.

Mwezi wa Februari 2019, baada ya mashindano ya mashirika, alianza kuumwa goti la kulia, chini kidogo ya pia ya goti, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba, akiruka panachoma, akipanda ngazi panachoma, akikaa sana akitaka kuinuka anashika ukuta. Tarehe 11 Machi 2019 alikwenda na mumewe hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye benchi na mifuko ya mchanga, wanakofundisha watu mazoezi ya viungo, akapokelewa na mtaalamu mmoja mwanamke ambaye nyumbani tulimwita Mwalimu wa Goti, na usiku ule kwenye chakula mjukuu wangu alituigizia sauti yake, "Kano yako haijakatika, imebebeshwa kuliko ilivyozoea, na haiponi kwa kulazwa, inapona kwa kufundishwa kubeba upya, kidogo kidogo, wiki kumi na mbili, na usinidanganye hata moja." Aliambiwa apumzishe kuruka, lakini mguu asiupumzishe, asimame ameegemea ukuta amekunja magoti, ahesabu hadi arobaini na tano, mara tano, kisha achuchumae polepole juu ya ubao wa mteremko, na maumivu ayapime kwa kumi, yakiwa matatu aendelee, yakizidi apunguze, na kesho yake asubuhi goti lenyewe litasema kama amezidisha. Fundi akachonga ubao, msimamizi wa Posta akamhamishia njia ya madukani isiyo na ngazi, wiki zikaanza kuhesabiwa kwa chaki nyuma ya mlango.

Wiki ya tano aliongezewa mzigo, akavaa begi la mchanga mgongoni, na Ijumaa tarehe 12 Aprili nilimkuta juu ya ule ubao, jasho linamtiririka, meno ameyauma, mguu unatetemeka, nikapiga kelele, naye akasema, "Bibi, hii ni tatu tu," nikamjibu, "Mimi sijui tatu wala kumi, mtu anayeumia nikimwona namjua, nani kakutuma ujitese, pumzika!" Kesho yake alipokwenda kazini niliuchukua ubao nikaupasua kwa shoka la jikoni, nikawashia jiko. Fundi aliporudi akaona vipande vilivyobaki, alisema atachonga mwingine, nikamwambia, ukichonga mimi nahama, na mjukuu wangu akacheka akanikumbatia, "Basi, mke mwenza, umeshinda." Alinipenda, na upendo huo ndio uliomponza.

Nikampumzisha, nikamchua kwa mafuta ya moto, mwezi wa tano na wa sita goti likanyamaza, nikatembea mtaani kifua mbele nikisema nimeishinda hospitali. Jumamosi tarehe 29 Juni alirudi uwanjani, akaruka, akatua, na sauti aliyoitoa mumewe anasema bado anaisikia. Akarudishwa maghorofani kwa kuwa mwenzake aliyeshika njia hiyo alikuwa amestaafu, goti likawa baya kuliko mwanzo, jirani dereva wa lori akatupa vidonge vyake vya maumivu, vikamsaidia, tukanunua vingine, nikavitia kwenye kopo la majani ya chai, na kila asubuhi na jioni nilimpa kwa mkono wangu huu, viwili, baadaye vitatu, miaka mitatu na zaidi, bila kumuuliza daktari yeyote, na yeye kutwa hanywi maji kwa sababu njiani kwake hakuna choo.

Mwaka ule ule wa 2019 zilikuja barua tatu kutoka kile chumba cha mwisho, mwezi wa tano, wa saba na wa tisa, na alizileta mwenyewe kwenye begi lake, akasimama mlangoni akasema, "Leo nimejiletea barua, ngoja nijipigie hodi," lakini hakuzifungua, alinipa niziweke, akasema, "Najua wanauliza ubao uko wapi, sasa nikamseme bibi yangu?" Nikaziweka chini ya lile kopo.

Novemba 2022 miguu ilianza kuvimba, chakula hakikai tumboni, hospitali wakasema figo zimeharibika, daktari akaomba kuona dawa anazotumia, nikampelekea kopo, akaligeuza, akaniuliza taratibu, "Mama, hivi amevimeza kwa muda gani?" na nilipomjibu hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kuanzia Januari 2023 alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, akakonda, goti la kulia likabaki kubwa kuliko paja, na wiki moja kabla hajafa aliuchukua mkono wangu akauweka hapo akasema, "Bibi, siku hizi haliumi kabisa," akacheka, mimi sikuweza. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa tisa alasiri, wodi namba sita, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Juzi mjomba wake, akitafuta vyeti, alizikuta zile barua akanisomea, na ya tatu inasema hivi, "Umefika wiki ya tano, zimebaki saba, hatuanzi upya, tunaanzia ulipoachia, na kama nyumbani yupo anayeogopa kukuona ukiumia, njoo naye, nitamkalisha kwenye benchi, aweke mkono wake kwenye goti, ahesabu pamoja na wewe." Ndugu zangu, kusoma sijui, lakini kuhesabu hadi arobaini na tano najua. Najua tangu mtoto.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani mliotupikia na kutufulia, wafanyakazi wenzake waliogawana njia yake ili asipoteze kazi, watu wa maghorofa mliokuja wote, hata ghorofa ya tano, na Mwalimu wa Goti, ambaye nimeambiwa yupo hapa, mama, sina uso wa kukutazama, asante kwa kuandika mara tatu. Kwa mume wake sina la kusema, na kwa mtoto huyu mwenye kofia ya mama yake, ukikua ukataka kuniuliza, niulize ningali hai.

Wengine wote watakuambia upumzike, Springi, na ndivyo inavyopasa, lakini mimi neno hilo nilikuambia ukiwa mzima, ukiwa juu ya ubao wako, umebakiza wiki saba, leo haliji mdomoni. Kaa na mama yako. Amani ambayo mimi sitaipata, ipate wewe.