Joho Lililofuliwa na Karatasi Mfukoni

Mheshimiwa Baba Askofu, uliyeacha shughuli zako ukaja kumuaga mfua nguo. Mchungaji wetu pamoja na mama. Wazee wa kanisa. Mwalimu wa kwaya na kwaya yako. Wageni waalikwa mlioketi kwenye viti vyenye mito. Na nyie wenzangu wa nyuma, mnaokalia lile benchi linalobana suruali za watu: Bwana Yesu asifiwe.

Katibu aliniandikia hotuba. Alinisomea jana, nzuri kweli, mpaka nikajisikia kama marehemu. Nimemrudishia. Shule sikwenda, karatasi hainitambui nami siitambui, na leo nina jambo ambalo katibu asingeweza kuniandikia kwa sababu halijui. Nivumilieni.

Miaka thelathini na minane nimefua majoho ya kwaya hii. Mnakikumbuka kile chumba cha nyuma kabla hakijapakwa rangi? Kulikuwa na bomba moja lililokuwa likikohoa kabla ya kutoa maji, mabeseni matatu, pasi mbili za mkaa, na dirisha lisilofunga ambalo sauti za mazoezi ya kwaya zilipitia. Jumamosi tulikuwa wanawake watano mle ndani. Wao huku wanajifunza wimbo, sisi kule tunafua kwa mapigo yake, na mwalimu akiwasimamisha warudie, nasi mikono inasimama kwenye povu. Nyimbo zote za kanisa hili nimezijulia kwenye sabuni. Mpaka leo kuna wimbo nikiusikia vidole vinaniwasha.

Aliyekuwa mkubwa wetu mle ndani ni marehemu mke wa fundi viatu, tuliyemwita Mama Vibanio kwa kuwa alianika nguo huku vibanio sita vimejaa mdomoni, akikuamrisha kwa nyusi. Wazee mnamkumbuka. Nyie vijana mmepitwa.

Sasa niwaambie siri ya kazi yetu. Nguo haijui kusema uongo. Kwenye kola nilimjua aliyelia wakati wa maombi na aliyesinzia akatoka udenda. Kwa doa la maziwa begani nilijua nani kapata mtoto na usingizi hapati. Nilijua nani ameanza kunywa, na nani anaumwa hajamwambia mkewe. Mchungaji, usinikasirikie, lakini kondoo wako wengine niliwajua mimi kabla yako.

Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa bado na mdomo mwepesi, niliona doa jekundu kwenye kola ya mwimbaji mmoja, baba wa watu mwenye heshima zake. Nikatoka nje nikalinong'ona: huyu ana mwanamke, rangi ya mdomo hiyo hapo. Niliporudi, Mama Vibanio alitoa vibanio vyote mdomoni, kimoja kimoja, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Akaniuliza, "Dada, umekuja kufua, au kuchafua?"

Nikasema, "Si nimeona mwenyewe?"

"Umeona doa. Hukumwona mtu." Akaniambia mtoto wa yule baba alitokwa damu ya pua asubuhi ile, akambeba begani mpaka kwa daktari. "Doa ni la maji na sabuni, si la mdomo. Ukishindwa hilo, mlango uko wazi."

Sikushindwa. Tangu siku ile, tuliloliona tulilimaliza mle mle, na vilivyokutwa mifukoni, tulivitoa tukaviweka kwenye sahani, vikakauka na kurudi kwa mwenyewe kabla ya ibada. Pipi, leso, barua, hatukuuliza. Na msidhani tulikuwa watakatifu. Tulicheka sana mle ndani. Mmoja aliteleza kwenye povu akakalia beseni, tukamcheka wiki nzima. Lakini alikuwapo tukimcheka. Alikuwa na mdomo wake wa kujibu na kitambaa kibichi cha kututandika, na alitutandika.

Leo vijana wetu wana chumba chao, kimo ndani ya simu. Mjukuu wangu alinionyesha mwenyewe bila kuficha, maana hakuona kosa. Ni kundi la vijana wa makanisa mengi, si letu tu, na kila Jumapili kila mmoja hupeleka chake: mama aliyesinzia mdomo wazi, mhubiri aliyekanyaga joho lake akaenda chini, dada aliyepandisha sauti ikamkatikia njiani. Wanamtia mtu mlio wa mbuzi, wanambandika kichwa cha mbuzi, halafu wenzao wanamwaga vile vikatuni vinavyocheka mpaka vinatoa machozi. Wa machozi mengi ndiye mfalme wa wiki. Majina yao hawaweki. Anayechekwa ana sura, anayecheka hana.

Mjukuu wangu yule pale, safu ya tatu, gauni la njano. Usijifiche nyuma ya mwenzako, mke mwenzangu, nakuona. Mtoto huyu ndiye anayenikumbusha dawa zangu, ndiye anayenikata kucha za miguu. Si mtoto mbaya. Nawaambia hivyo ili msije mkasema wanaofanya haya ni mashetani wa mbali. Wanakula mezani kwetu.

Aliniambia ana wafuasi elfu ishirini. Nikamwambia Bwana wetu alianza na kumi na wawili, na hao wenyewe aliwaosha miguu. Hebu lifikirieni hilo, nyie mnaopenda Neno. Wanaume kumi na wawili wameingia na vumbi la barabarani, na kila mmoja ameona miguu ya mwenzake ilivyochafuka. Bwana aliomba nini? Aliomba maji na taulo. Akapiga magoti, akafanya kazi ya mikono. Kama angetaka kicheko siku ile, si alikuwa nacho pale pale, vidole mia na ishirini vya uchafu?

Mtasema, bibi huyu anawaonea vijana. Subirini. Sasa nakuja kwangu.

Mnakumbuka Jumamosi ile mashine ya kufulia ilipoletwa. Mlinijali mimi na kiuno changu, Mungu awabariki. Wazee walikuja, vijana na simu zao, wakasema, "Bibi, jaza tukupige picha." Nami, mwanamke mzima, nikaona fahari. Nikayabeba majoho yote kwa mpigo nikayasukuma ndani, nikasimama kando kama bibi harusi. Mifuko sikuipekua. Katika miaka yote ile, siku moja tu sikupekua mifuko. Nilipoyatoa, nilikuta kwenye joho moja kitonge cha karatasi kilicholainika kama uji. Nikakitupa. Nikajiambia, karatasi tu, nitampa nyingine.

Kesho yake kwaya iliimba. Mwisho wa wimbo wote walinyamaza, akabaki fundi viatu wetu, besi yetu, macho ameyafumba, akikirudia kiitikio peke yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mlikuwapo. Mlisikia watu walivyobana kicheko. Nani alijua kwamba masikio ya yule mzee yameziba? Alijua mkewe peke yake. Alipokuwa hai, Mama Vibanio alimkaririsha nyimbo zote nyumbani, na alipoona siku zake zinaisha, alimwandikia kwa penseli kwenye karatasi moja: wimbo huu kiitikio mara mbili, huu mara tatu, huu ukimaliza ubeti wa nne nyamaza. Fundi aliimba kwa kuhesabu. Ile karatasi ndiyo iliyokuwa masikio yake, na ndiyo maandishi ya mkewe aliyobaki nayo. Nilikuwa nikiiweka kwenye sahani kila Jumamosi nisijue ni nini.

Haya ya masikio na ya karatasi nimeyapata kwake mwenyewe juma lililopita, sikuyavujisha. Ameniruhusu mwenyewe, mtasikia.

Jumanne yake tunakula, mjukuu wangu akanisogezea simu. "Bibi, cheki huyu." Nikaona kichwa cha mbuzi juu ya joho la zambarau, kinalia kiitikio. Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi na kanga, nikasema, "Rudisha tena." Akarudisha. Mara ya pili nikaona pindo la joho. Lile pindo nililishona mimi kwa uzi mweusi, siku uzi wa zambarau uliponiishia, na kwenye joho hilo ndimo nilimokuta kitonge. Kijiko kikanidondoka.

Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Si yule fundi viatu? Ni utani tu, Bibi. Na wewe umecheka."

Angenipiga kofi isingeuma vile. Alikuwa na haki: nilicheka, na kitonge cha karatasi nilikitupa mimi. Watu wameandika pale chini kwamba mzee alikuwa amelewa. Jumapili kumi na moja zimepita fundi hajaingia kanisani, nyie mnadhani ni aibu ya ulevi, nami nikijua ni mimi niliyetupa karatasi ya mfukoni mwake nimekaa kimya. Sheria ya chumba nilichowasifia imekuwa kichaka changu. Kuna kunyamaza kwa kumsitiri mwenzio, na kuna kunyamaza kwa kujisitiri mwenyewe, na mimi mzee nilijifanya sijui tofauti yake.

Juma lililopita nilimshika mjukuu mkono tukaenda kwenye kibanda cha fundi. Alikuwa anapiga soli. Akanikalisha mbele yake auone mdomo wangu, nikamweleza yote, mashine, kitonge, kicheko. Aligonga misumari minne ndipo akasema.

"Nilijua ni ninyi. Nani mwingine anafua?"

"Mbona hukusema, shemeji?"

"Wewe ulikosea siku moja katika miaka thelathini na minane. Nikusemee kwa nani?" Akamtazama mjukuu wangu. "Na huyu ndiye wa mbuzi?"

Mtoto akasema ndiye. Ukweli alisema, nampa hilo.

Fundi akamwambia, "Binti yangu, mimi siwasikii. Lakini mdomo wa mtu anayelia kama mbuzi unaonekana. Wanaleta viatu, wanalia hivyo, wanaondoka. Waambieni watu mimi ni kiziwi. Afadhali kiziwi kuliko mlevi, maana nilimwahidi marehemu sitakunywa." Nikamwambia aje Jumapili. Akasema, "Nije nikasimame pale nihesabu kwa nini? Nikikosea tena?" Akarudi kwenye soli yake.

Tulipofika nyumbani mjukuu akafuta ile picha. Nikamwambia ni vizuri, lakini ilikwishatoka kwa watu elfu ishirini, na waliocheka hawatajua imefutwa. Akaniuliza, "Sasa nifanye nini, Bibi?" Hilo swali nimelibeba mpaka hapa mbele yenu.

Vijana wangu, siwaambii mzitupe simu. Nawauliza: mnapoinua simu ibadani, mmemwona mtu au mmeona doa? Na huyo mnayempeleka kule, yupo pale akawajibu? Ana kitambaa cha kuwatandika? Kama hana, basi huo si utani. Ni kumpiga mtu aliyefumba macho akiomba.

Zawadi yenu ya kuniaga naipokea kwa mikono miwili, ila nina ombi juu yake, na mwalimu wa kwaya nimekwisha kuzungumza naye, na kwaya wamekubali wote, hata wale wa sauti ya kwanza wanaojiona.

Simama, mke mwenzangu. Toa simu. Leo nirekodi mimi, sura yangu hii hii, usinitie mbuzi wala kinanda, unipeleke kule kule ulikompeleka yeye, kwa elfu ishirini wale wale. Wakicheka, wamcheke bibi kizee aliyefua masikio ya mtu. Kisha umpelekee fundi kibandani. Sogea karibu, nitasema polepole auone mdomo.

Umeanza?

Fundi. Shemeji yangu. Hukulewa. Kosa lilikuwa langu. Maandishi ya mwenzetu siwezi kukurudishia, na hilo nitakufa nalo. Lakini nafasi yako ya besi iko wazi, hakuna aliyesimama pale. Njoo Jumapili. Usihesabu chochote. Imba mpaka uridhike. Ukizidisha kiitikio, kwaya nzima itazidisha nawe, na kanisa zima litasimama lizidishe, mara tatu, mara kumi, mpaka wewe mwenyewe ufumbue macho. Wimbo utaisha utakapomaliza wewe.

Basi, zima.

Baba Askofu, Mchungaji, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu siku ya leo. Na wewe utakayenisikia kwa macho, asante kuliko wote.