Cecilia Valentini, Aliyejifunza Kuuliza Mjomba Yuko Wapi

Habari ya kuzaliwa kwa marehemu nilihadithiwa na mama yake mzazi, dada yangu Stefania, tukibangua korosho uani kwake, moshi unatutoa machozi sote wawili, akaniambia mdogo wangu, huyu Cecilia alikuja Alhamisi, tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, mwaka sitini na sita, hapa hapa Nyangamara, korosho zimejaa shambani hakuna wa kuokota, na mkunga alipofika akakuta mtoto kishatoka, analia kama mtu aliyedhulumiwa. Wenzangu wafiwa, majirani, ndugu zetu wa kanisani na ndugu zetu wa msikitini, ukoo umenituma mimi mama yake mdogo niseme maisha yake, na mimi kusoma sijui, nitasema kama ninavyokumbuka, kesho kaburini watasoma kwa kifupi.

Shule alianza mwaka sabini na nne, hapa Nyangamara, akamaliza la saba mwaka wa themanini, kisha akaenda kwa masista kujifunza cherehani, akarudi anashona magauni ya ubatizo. Ndoa alifunga Jumamosi, tarehe nne Julai, mwaka themanini na saba, na Erasmo fundi mwashi, huyu mnayemwona amekaa pale, wakahamia Mitwero, wakajenga, Mungu akawajalia watoto wawili, Deo na Antonia, na wajukuu watano.

Sasa kazi yake, hiyo ndiyo iliyowaleta watu wote hawa. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili waliitwa wanawake na wanaume pale Lindi mjini wakafundishwa usaidizi wa kisheria, yaani mtu ana shida yake hajui sheria, wewe unamshika mkono unampeleka panapohusika. Wengine walichukua mambo ya mashamba, wengine mirathi, Cecilia akachukua watu wanaotaka kuasili mtoto, mtoto asiye na mtu awe wao kisheria, asije mtu kesho akamtoa. Kazi ile ina milango mingi, uende Ustawi wa Jamii, waje waone nyumba yenu na kitanda chenu, mkae na mtoto muda wanaotaka wao, mpate wakili, kisha mwende Mahakama Kuu kule Mtwara mbele ya jaji. Watu wengi walikuwa wanaishia mlango wa kwanza. Cecilia alikuwa anawasukuma kwa nyuma.

Nitasema habari moja tu, maana mwenyewe aliniambia mara nyingi kwamba pale ndipo alipozaliwa mara ya pili, nayo ni habari ya Witness, binti huyu aliyekaa karibu na mlango, darasa la tano.

Witness alizaliwa mwezi wa sita mwaka elfu mbili na kumi na nne kule Kilangala, mama yake akafariki siku ile ile, baba hakujulikana, kichanga kikabaki na bibi yake mzaa mama, kipofu, anamlisha uji kwa kupapasa mdomo ulipo. Ustawi wakatafuta watu wa kumlea, wakapatikana Eusebio na mkewe Angela, majirani wa Cecilia pale Mitwero, watu waliokaa kwenye ndoa miaka mingi hawana mtoto. Angela alipomfunga yule mtoto mgongoni hakumshusha tena, anapika naye, anafua naye, akienda kisimani watu wanamtania, mama Witness, mteremshe apumue, anajibu apumue wapi, hapa ndipo penye hewa.

Wakati wa kutafuta amri ya mahakama ulipofika, Cecilia akaenda Kilangala kwa yule bibi kipofu apate ridhaa yake. Bibi akaridhia, akaweka dole gumba, lakini akasema, mwanangu, mjomba wake yupo, Sixbert, yuko Msumbiji anapasua mbao. Cecilia akamjibu, bibi, sheria inataka mzazi na mlezi, mjomba hamo. Mnasikia maneno hayo? Mtoto wa Kimwera, aliyelelewa na ukoo wa mama, aliyetolewa unyagoni amebebwa mgongoni na mjomba wake, ndiye aliyesema mjomba hamo. Sheria ilikuwa imemjaa kichwani hata kwao akapasahau.

Jumanne, tarehe kumi na moja Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na tano, wakawa Mtwara. Kesi za namna ile hazisikilizwi hadharani, mnaingia chumbani kwa jaji, mlango unafungwa. Wamekaa, jaji anaanza kuuliza, wakasikia kishindo nje, karani akaingia amechanganyikiwa, akasema, mheshimiwa, kuna mtu anasema mwenye mtoto yuko nje.

Angela akamkumbatia mtoto mpaka mtoto akalia.

Jaji akasema aingie. Akaingia Sixbert, ana vumbi la safari, ndala moja imekatika kaishika mkononi. Jaji akamuuliza, wewe ni nani wa huyu mtoto, akasema mjomba. Jaji akamuuliza, na baba yake je? Sixbert akasema, "Mheshimiwa, kwetu baba ni mgeni. Mwenye mtoto ni mjomba. Nimerudi nakuta mpwa wangu anagawiwa, hakuna hata mtu aliyenitumia salamu."

Cecilia aliniambia, mama mdogo, nilitamani sakafu ile inimeze. Jaji akaahirisha.

Nje wakili akamwambia, Mama Deo, usihofu, tunashinda hii, yule hana kitu kisheria. Cecilia akamjibu, "Tutashinda, sawa. Halafu mtoto tukamlelee wapi, mwezini? Siku akikua akataka kwao, tutamwonyesha hukumu?"

Akamwambia Angela, twende Kilangala. Angela akagoma, akasema, dada, nikimpeleka pale sirudi naye. Cecilia akasema, usipompeleka hutalala usingizi maisha yako yote, kila mbwa akibweka utasema mjomba huyo. Wakaenda, Angela kambeba mtoto, Cecilia mkononi ana jogoo.

Wakamkuta Sixbert uani na mama yake kipofu, wanamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Hakuinuka. Akasema, "Karibuni, watu wa serikali. Jaji mmemwacha barabarani?"

Cecilia akavua viatu, akapiga magoti chini kwenye vumbi, mwanamke wa miaka arobaini na minane mbele ya kijana aliyeweza kuwa mwanawe, akasema, "Mjomba, shikamoo." Sixbert akashtuka, akasema, mama, unanitia dhambi. Cecilia akasema, "Si mimi niliyekuamkia. Mpwa wako hajajua kusema, namsemea. Na mimi mwenyewe nimekosa, mama yako aliniambia upo, nikakuruka."

Bibi kipofu akacheka peke yake, akasema, itikia, mwanangu, umeamkiwa. Sixbert akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

Ndipo akasema lililomkaa moyoni. Akasema, mimi sitaki kumlea, nitamlea na nini, lakini dada yangu kaacha kitu kimoja duniani, mkishamwandika wa Eusebio, siku anatoka unyagoni nani atambeba, mimi nitasimama na watazamaji nipige makofi kama mpita njia?

Cecilia akamtazama Angela. Na Angela, ambaye njia nzima alikuwa analia tu, akasema, "Utambeba wewe. Na posa ikija, nitawaambia waende Kilangala kwanza. Mimi nataka awe na mama, sikutaka asiwe na kwao."

Sixbert akanyoosha mikono apewe mtoto. Angela akamtoa. Mtoto akamtazama mjomba wake, akamshika pua, kisha akageuka akalia anamtaka Angela, analia kwa nguvu zote, na Sixbert akamrudisha, akaendelea kumenya ming'oko. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wakaondoka hivyo hivyo, jogoo wamemwacha.

Jumatano, tarehe kumi na sita Septemba, wakarudi Mtwara. Wakaitwa, Sixbert hayupo. Wakili akasema bora, tuingie. Cecilia akamwomba karani kidogo, akatoka nje akasimama juani anaangalia njia, na mimi nilimuuliza ulikuwa unaomba nini pale, akaniambia, sikuomba, mama mdogo, nilikuwa naogopa tu.

Akawaona wanakuja. Sixbert amevaa koti la kuazima, mikono imempita vidole, amemshika mama yake kipofu, wanatembea polepole kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Akaingia chumbani kwa jaji hakumsalimu mtu, akaenda moja kwa moja kwa Angela akamchukua mtoto, safari hii mtoto hakulia, akamwinua juu bibi yake amguse kichwa, kisha akamweka mikononi mwa Angela, akageuka, akasema, "Mheshimiwa, andika hivi. Hakuchukuliwa. Nimempa mimi."

Jaji alivua miwani yake, Cecilia aliniambia, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika. Na marehemu alisema tangu azaliwe hajapata kuona kitu kikubwa kama kile, mtu asiye na mali yoyote anatoa alichonacho, na kila mtu mle ndani anatoka ana zaidi ya alichoingia nacho.

Tangu siku hiyo familia ikija kwake, kabla hajawakaribisha kiti, anauliza, mjomba wake yuko wapi? Na yeye mwenyewe anakwenda kumtafuta, awe Liwale, awe baharini, anapiga magoti. Wapo watu humu uani walioamkiwa na Cecilia wakiwa na umri wa wanawe.

Presha ilimwanza mwaka elfu mbili na ishirini na tatu, ikaja na figo, akalazwa Lindi mara kadhaa, akafariki Jumapili hii, tarehe tisa Machi, elfu mbili na ishirini na tano, alfajiri, Antonia kamshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wasaidizi wenzake wa kisheria, watu wa Ustawi, Mzee Ahmadi jirani yetu na vijana wa msikitini waliotuletea masufuria na maji, na nyinyi nyote mliokesha.

Sasa watoto, sikilizeni. Asubuhi mmoja wenu alimwambia Witness, wewe si wa ukoo huu, kesho kaburini utakaa wapi, na mtoto wa watu akaja kuniuliza mimi. Ninamjibu mbele yenu. Kule nyuma ya nyumba Eusebio anapasua kuni, na anayemshikia gogo ni Sixbert, walifika pamoja, hakuna aliyewaita. Mwanangu, utakaa katikati yao.

Cecilia, umetembea sana, nyoosha miguu, Mungu akuweke pema. Na nyinyi wadogo, mikeka imetandikwa, nendeni mkalale.