Dimpozi ya Loveth

FABIOLA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

JACKLINE: (kwa sauti nzito) Hujambo.

FABIOLA: Ah, si namba ya shangazi Paulina hii! Shikamoo shangazi.

JACKLINE: Marahaba mwanangu. Watu wa Mikumi hawajambo?

FABIOLA: Hatujambo shangazi, tunashukuru. Poleni na maandalizi huko Ki— Ngoja. We Jackline!

JACKLINE: Endelea tu, napokea. Ongeza nyingine.

FABIOLA: Irudishe shikamoo yangu sasa hivi! Sendofu yako ya kuagwa ni kesho, leo unaiba shikamoo za watu?

JACKLINE: Dada wa bwana harusi kaniamkia mwenyewe, sikumlazimisha. Hii naiweka, wifi.

FABIOLA: Na simu yako ina nini?

JACKLINE: Haina kitu. Nimefungua ile picha uliyonichorea ya bango, naitazama. Ningekupigia kwa hiyo hiyo nisingeiona vizuri.

FABIOLA: Bado unaitazama? Nimekutumia tangu asubuhi. Utaichubua kwa macho.

JACKLINE: Nimeivuta karibu.

FABIOLA: Karibu kiasi gani?

JACKLINE: Mpaka shavu limejaa kioo.

FABIOLA: Wifi, picha ya bango haitazamwi hivyo. Inatazamwa na mtu wa meza ya nyuma, soda mkononi, anangoja pilau lipite—

JACKLINE: Mimi nina dimpozi?

(mtandao unakwaruza)

FABIOLA: Sijakusikia. Unakatakata.

JACKLINE: Sikatakati. Nimeuliza, mimi Jackline, nina dimpozi?

FABIOLA: Ukicheka vizuri kabisa—

JACKLINE: Hata nikitekenywa. Sina. Nyumba yetu nzima mwenye dimpozi ni mmoja, na yake iko shavu la kushoto, hapa hapa ilipo hii.

FABIOLA: Hicho ni kivuli tu.

JACKLINE: Kivuli cha nani?

(kimya)

JACKLINE: Haloo?

FABIOLA: Nipo. Kuna lori linapita, hapa dukani hatusikilizani.

JACKLINE: Mbona mimi silisikii?

FABIOLA: Wifi, hii ni barabara kuu. Lori lipo siku zote.

JACKLINE: Haya. Limeshapita? Kivuli cha nani?

FABIOLA: (anashusha pumzi) Cha dada yako. Cha Loveth.

JACKLINE: Asante. Nilikuwa najua, ila nilitaka uniambie wewe.

FABIOLA: Ngoja nikueleze ilivyokuwa, usinikatize. Unaikumbuka ile picha ya Loveth aliyoniagiza kaka Alfred niichore, wakati ule—

JACKLINE: Wakati ule anamposa.

FABIOLA: Umekatiza.

JACKLINE: Nimesaidia.

FABIOLA: Wakati ule anamposa, basi, kabla Loveth hajakataa na kwenda kuolewa Dodoma. Ile picha haikumfikia Loveth mwenyewe, na mimi sikuifuta. Sasa juzi nakaa kukuchora wewe, nikawaza: hawa ni baba mmoja, mama mmoja, pua ile ile, taya lile lile. Nianze na kioo kitupu cha tableti kwa nini? Nikaifungua ile, nikaweka leya juu yake—

JACKLINE: Leya ndiyo nini? Mimi nauza vitenge.

FABIOLA: Chukulia kama nailoni inayoonyesha. Unaitandika juu ya picha, unachora juu yake, ya chini haiguswi. Nikabadilisha macho, nikakusuka, nikakuvalisha gauni lako. Halafu nikaziunganisha leya zote zikawa moja. Hapo ndipo nilipokosea, maana baada ya hapo hakuna juu wala chini. Dimpozi ilikuwa bado ipo, nikapitisha brashi ya kuchanganya niiondoe.

JACKLINE: Haikuondoka.

FABIOLA: Brashi ya kuchanganya haiondoi kitu. Haina hata rangi yake. Inachukua iliyopo hapo hapo inaisambaza, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nikasambaza, kivuli kikapanuka. Nikasambaza tena, kikalainika. Mimi nikaona kimekwisha.

JACKLINE: Kumbe kimekaa pale kinanicheka.

FABIOLA: Hakionekani mpaka uvute karibu kama askari wa upelelezi.

JACKLINE: Shangazi Paulina hakuvuta. Kaitazama kwa ile miwani yake iliyofungwa uzi, akasema, "Loveth katoka vizuri."

FABIOLA: Mungu wangu.

JACKLINE: Umeona sasa? Kesho hiyo sura inatundikwa nyuma yangu, ukumbi mzima. Kilosa nzima inajua Alfred alibisha mlango gani kwanza. Wazee walikaa, wakasema mahari haikutoka, hakuna ubaya, sawa. Lakini mama mmoja tu akisema kama shangazi, vigelegele vinaishia hapo.

FABIOLA: Na Loveth mwenyewe anakuja?

JACKLINE: Yuko njiani. Atakaa meza ya mbele, chini ya shavu lake.

FABIOLA: (anacheka) Samahani. Samahani wifi, sicheki.

JACKLINE: Cheka tu, hata mimi nimecheka. Nimejifungia chumbani nikacheka mpaka— Nimeshacheka.

FABIOLA: Jackline.

JACKLINE: Kaka yako ameiona.

FABIOLA: Alfred? Si yuko Lumuma anafungasha vitunguu?

JACKLINE: Nilimtumia. Kajibu, "Nzuri."

FABIOLA: Basi.

JACKLINE: Basi nini? "Nzuri", nukta. Kaitazama sura ile, hakuuliza huyu nani.

FABIOLA: Wifi, mimi nimekua na yule mtu. Mwaka jana ukuta wa jiko la mama ulianguka kwa mvua, nikampigia picha nikamtumia. Akajibu, "Nzuri."

JACKLINE: Usinichekeshe, nina hasira.

FABIOLA: Nakupa ushahidi.

JACKLINE: Ushahidi wa ukuta. Mimi sio ukuta. Labda aliiona vizuri tu. Labda ndiyo sura aliyokuwa anaitafuta tangu—

(mtandao unakwaruza)

FABIOLA: Hapo sikukusikia.

JACKLINE: Ulisikia.

FABIOLA: Nilisikia. Lakini hilo siwezi kumjibia. Hata kama ni kaka yangu, sijui kilichomo kichwani mwake. Ninachoweza ni picha. Mtu wa kuchapa yuko Morogoro, ananingoja mpaka jioni, bango linakuja na basi la alfajiri. Nakuchora upya.

JACKLINE: Juu ya nani?

FABIOLA: Juu ya kioo kitupu! Gauni na maua ni vyako, vibaki. Uso naanza mwanzo. Toka nje na simu yako, simama kivulini, jipige picha. Usiwashe taa ya simu.

JACKLINE: Nina yai usoni.

FABIOLA: Yai la nini?

JACKLINE: La kulainisha ngozi. Saluni wamesema likae mpaka likauke.

FABIOLA: Kanawe. Sichori chapati.

JACKLINE: (kwa mbali) Shangazi, naomba maji! Simalizi dakika zako, simu naiazima tu! (karibu) Haya. Natuma. Imefika?

FABIOLA: Inazunguka... inazunguka... Lo!

JACKLINE: Nini?

FABIOLA: Komwe.

JACKLINE: Niachie komwe langu.

FABIOLA: Siliachi, ndiko naanzia. Lina mwanga mzuri mno. Unajua hapo pajini si kahawia? Pana samawati. Ni mbingu inapiga pale.

JACKLINE: Mimi nina samawati?

FABIOLA: Na zambarau chini ya taya. Na wekundu sikioni, mwanga unapopenya. Anayetia nyeupe kwenye kahawia apate mwanga, halafu akatia nyeusi apate kivuli, anaishia na uji wa ulezi.

JACKLINE: Lakini usinifanye mweusi sana.

FABIOLA: Nitakufanya ulivyo.

JACKLINE: Ndicho ninachoogopa.

FABIOLA: Ile ya kwanza niliilainisha mpaka ikawa kama hilo yai lako. Hii silainishi. Brashi ngumu, rangi kando ya rangi, kila mpigo ubaki ulipotua. Mtu wa meza ya nyuma atachanganya mwenyewe kwa macho yake.

JACKLINE: Na akishindwa?

FABIOLA: Atakuwa na miwani ya shangazi.

(kalamu inagonga kioo)

JACKLINE: Unachora au umelala?

FABIOLA: Nachora. Ongea, ukinyamaza mkono unaanza kulainisha. Hii nyusi ya kulia imekatika, au ni picha?

JACKLINE: Imekatika. Tulianguka na baiskeli Zombo, nimempakia Loveth nyuma.

FABIOLA: Na yeye?

JACKLINE: Hakuchubuka hata kidole. Aliniangukia mimi.

FABIOLA: Naiacha.

JACKLINE: Wa studio huwa wanaifuta. Picha zangu zote hazina.

FABIOLA: Mimi leo sifuti kitu. Nimeadhibiwa.

JACKLINE: Umeadhibiwa kidogo. Ungekuwa dada yangu ungenisikia.

FABIOLA: Dada yako angenipunguzia. Loveth hana maneno mengi kama wewe. Nilikosa wifi mkimya, nikaletewa redio.

JACKLINE: Na redio haizimwi. Umefika wapi?

FABIOLA: Mdomo. Usicheke kesho kama ulivyocheka kwenye hii picha, umebana jino.

JACKLINE: Limepanda, ndiyo maana.

FABIOLA: Liachie lionekane.

(muda unapita, kalamu inagonga, lori linanguruma)

JACKLINE: Hilo sasa nimelisikia.

FABIOLA: Hilo la kweli. Haya, natuma. Usivute karibu kwanza. Weka simu juu ya meza, rudi nyuma, ndipo utazame.

JACKLINE: Imefika. Naweka. Narudi nyuma.

FABIOLA: Wifi?

JACKLINE: (kimya)

FABIOLA: Sema neno. Hata tusi.

JACKLINE: Ni mimi.

FABIOLA: Ndiyo.

JACKLINE: Ni mimi mpaka naona aibu. Sasa nivute?

FABIOLA: Vuta.

JACKLINE: Mbona hakuna sura? Ni michirizi. Zambarau, samawati, hii ya kijani imefuata nini shavuni mwangu?

FABIOLA: Imefuata gauni lako, rangi yake inarudi usoni. Iachie.

JACKLINE: Nimeachia. (anacheka) Nimerudi. Wifi, nimerudi!

FABIOLA: Basi naipeleka Morogoro.

JACKLINE: Ngoja. Nataka kwanza kumtumia Alfred.

FABIOLA: Atajibu "Nzuri", na utakuwa hujajua kitu. Neno moja kwa picha mbili haliamui. Ukitaka kujua, uliza swali ambalo "Nzuri" si jibu lake.

JACKLINE: Naogopa kuuliza.

FABIOLA: Najua.

JACKLINE: Hujui. Wewe ukikosea unaanza upya na kioo kitupu. Mimi kesho kutwa naingia nyumba ya mtu.

FABIOLA: Kweli. Sijui.

JACKLINE: Hapo umenena. (anabonyeza simu) Nimeandika.

FABIOLA: Umeandika nini?

JACKLINE: "Tutundike ipi?" Nimeziweka zote mbili.

FABIOLA: Umeshatuma?

JACKLINE: Kidole kimetuma. Tiki moja.

FABIOLA: Huko Lumuma mtandao wa kubahatisha, usishtuke ikikaa—

JACKLINE: Tiki mbili. Wifi! Zimekuwa za bluu.

FABIOLA: Vuta pumzi.

JACKLINE: Anaandika... Kaacha.

FABIOLA: "Nzuri" haichukui muda.

JACKLINE: Anaandika tena!

FABIOLA: Kaka yangu? Mara mbili? Mpige picha.

JACKLINE: Kaacha. Anaandika. Mimi sitaki, nakupa wewe simu— Siwezi kukupa, uko Mikumi. Imekuja.

FABIOLA: Soma.

JACKLINE: Subiri. "Hii ya pili." Kaishia hapo. Hapana, kuna nyingine chini. "Ile ya asubuhi ilininyima raha, nikadhani umeomba mwenyewe ufananishwe na dada yako. Nikaogopa kukuuliza. Nikasema nzuri."

FABIOLA: Alfred ndiye kaandika yote hayo?

JACKLINE: Yeye.

FABIOLA: Thibitisha namba.

JACKLINE: Ni yake. Kumbe na yeye aliogopa.

FABIOLA: Unalia.

JACKLINE: Silii.

FABIOLA: Nakusikia. Acha, tafadhali. Ukivimba macho, kesho bango ndilo litakuwa Jackline, na wewe watakuuliza umetumwa na nani.

JACKLINE: (anacheka, anavuta kamasi) Peleka Morogoro. Peleka upesi kabla sijasema unipunguzie komwe.

FABIOLA: Imeshakwenda. Nilikuwa nabonyeza wakati unalia.

JACKLINE: Mbaya wewe. Wifi, na ile ya Loveth? Yake yeye, ya zamani. Bado unayo?

FABIOLA: Ipo. Ukisema niifute, naifuta sasa hivi.

JACKLINE: Usiifute. Ichape, ndogo tu, uje nayo kesho umpe. Sura ni yake, na hajawahi kuiona.

FABIOLA: Nimwambie imetoka kwa nani?

JACKLINE: Kwa mdogo wake na kwa wifi. Kaka yako tusimtaje, ameshaandika mno kwa leo. Shangazi huyo anakuja, anaitaka simu yake. Haya wifi, ukifika uje moja kwa moja ukumbini, na usisahau kuvaa ile sare, mimi sitaki kusikia eti fundi— nakuja shangazi! Eti dakika zake zinaku—