Laini ya Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu mmoja tofali, kati ya saluni ya Kipara na meza ya Waya, fundi simu. Kahawa ni yangu, ndiyo maana wananiita Birika. Kipara ni kinyozi asiye na unywele hata wa dawa. Wa nne ni Mkurugenzi, karani mstaafu ambaye hajawahi kuongoza hata foleni ya maji. Asubuhi hiyo, yapata saa nne, Waya alikuwa na simu ya mke wa Kipara mezani, tundu la chaji limelegea. Mke wa Kipara ni fundi cherehani, duka lake liko mtaa wa pili. Na niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki: miaka kumi na miwili iliyopita mimi na Kipara tulimposa mwanamke mmoja, na aliyekubaliwa si mimi. Sasa namwita shemeji, na hadi leo neno hilo sijalizoea.

Wiki hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeleta kanuni mpya. Kila mtu aangalie laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asizozijua azifute. Mwisho ni siku hiyo saa sita mchana. Waya alikuwa akiwaangalizia wateja wake wote bila kuombwa.

— Kipara, shemeji ana laini ngapi?

— Tatu. Hiyo, ya dukani, na ya mtandao.

— Hapa ziko nne.

Kipara alikuwa anapuliza kikombe. Aliacha kupuliza.

— Hesabu vizuri.

— Nimehesabu mara mbili, kaka. Hii ya mwisho inaishia saba saba mbili. Unaijua?

Kipara akaiandika kwenye boksi la nyembe, akaikodolea macho. Nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Tunajua majina tu, namba anajua simu.

— Siijui, — akasema.

Hapo nikakiri moyoni: nilifurahi. Sikumtakia shemeji baya lolote. Nilitaka tu Kipara aonje usiku mmoja wa kukosa usingizi kama mimi.

— Tuipigie, — Waya akasema, mkono tayari kwenye simu.

— Weka chini! — Mkurugenzi akaruka. — Ukimpigia unamshtua. Anazima, anapotea, ushahidi umekwenda.

— Anazima nani?

— Mwenyewe! Mwanamke hamsajilii mtu laini kwa kitambulisho chake hivi hivi. Huyo ni mtu asiyetaka jina lake lionekane. Mtu mzito.

— Mzito wa kilo?

— Wa cheo, Waya. Saba saba mbili! Namba hizo hazigawiwi ovyo. Huyo yuko hukohuko Mamlaka.

Kipara akakaa. Kichwa chake kilianza kung'aa jasho.

— Sasa mtu wa Mamlaka anakosaje laini yake mwenyewe?

— Ndiyo akili yenyewe! Anajificha kwa mkeo. Halafu jiulize, kanuni hii imetoka wapi ghafla? Miaka yote tunasajili hovyo hovyo, hakuna aliyeuliza. Leo nchi nzima tuhesabiwe laini. Kwa nini? Huyo bwana kachoka kujificha. Anataka ujue, ili umwache mkeo.

— Yaani wametunga kanuni ya nchi nzima kwa ajili ya mke wangu?

— Kwani wewe humwoni mkeo alivyo?

Wote tukainamia vikombe vyetu, maana tunamwona. Kipara akatukazia macho mmoja mmoja, na kwangu akakaa zaidi.

— Ndiyo maana juzi alitoka nje kuongea na simu, — akasema taratibu. — Nikamuuliza nani, akasema mteja. Mteja gani anaambiwa "pumzika, usijali"?

— Aaah! — Mkurugenzi akapiga goti. — Pumzika, tena!

— Mimi hajawahi kuniambia nipumzike.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na kwa dakika moja nilimhurumia. Dakika yenyewe haikufika mwisho.

— Ifute, — nikasema.

Waya akanigeukia. — Birika, ngoja kwanza. Ukifuta, kuirudisha ni siku tatu, na lazima aende mwenyewe na kitambulisho.

— Si haijui? Kanuni inasema ya kufutwa ni usiyoijua. Au mwenzetu akae hivyohivyo?

— Leta hapa, — Kipara akasema.

Akabonyeza. Simu ikaomba mwaka wa kuzaliwa wa mwenye kitambulisho. Kipara akaandika. Ikakataa. Akakuna kichwa, akaandika mwingine. Ikakataa tena, ikasema amebakiwa na nafasi moja.

Nikautaja mimi.

Kipara hakunishukuru. Aliandika, simu ikakubali, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

— Wewe mwaka wa mke wangu umeujulia wapi?

— Nakumbuka tu.

— Unakumbuka tu.

Simu ikalia. Waya akasoma: laini imefungwa, asante kwa ushirikiano wako.

Bado Kipara ananiangalia, mara shemeji huyo, anakuja mbiombio, utepe wa kupimia shingoni.

— Waya, imepona? Nipe upesi.

— Imepona, shemeji, ila...

Akaichukua, akamshika mumewe bega.

— Baba, usikasirike. Mama kifua kimembana tangu juzi. Kanikataza nisikwambie, eti utafunga saluni bure. Jana usiku kazidiwa, nimemtafutia gari la kumpeleka hospitali. Dereva hapajui kwake, nimempa namba ya mama amwelekeze.

Akapiga, akaweka simu sikioni. Kwenye kioo niliona jina: Mama Mkwe. Chini yake, namba, mwisho saba saba mbili. Kipara naye aliiona. Boksi la nyembe likamponyoka mkononi.

— Inasema namba haitumiki, — shemeji akasema. Akapiga tena. — Waya, umeniharibia nini? Si wewe uliyeisajili laini hii, hapahapa mezani kwako? Vidole vya mama vilikataa kusomeka kwa sababu ya jembe, ukasema tuweke vyangu.

Waya akaitazama meza yake. Amesajili mamia ya watu pale. Ungeona uso wake ungejua kwamba amekumbuka.

Kipara akatoa simu yake mwenyewe, akatafuta "Mama", akapiga. Sauti ileile ya mashine tukaisikia wote. Akapiga tena. Mkurugenzi akawa anasoma chini ya kikombe chake kana kwamba kuna barua.

Simu ya shemeji ikaita. Alikuwa dereva. Sauti yake ilitoka nje, kubwa: — Dada, nimefika njia panda. Nashika kulia au kushoto? Huyo mama simpati.

— Subiri, — shemeji akasema. — Subiri hapo hapo.

Akamtazama mumewe, aliyekuwa bado anapiga. Akamtazama Waya. Mwishoni akanigeukia mimi, kwa ule upole wake wa zamani.

— Birika, wewe angalau hunifichi kitu. Nani kaifunga?

Nikainua birika, nikalitikisa.

— Kahawa imekwisha, — nikasema.