Karatasi Ishirini na Tisa za Bi Khairat

Ndugu mliokuja kumsindikiza mdogo wangu, naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwani katika habari zake nimo na mimi.

Marehemu Bi Khairat Jecha alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Jecha Hija na Bi Sheikha Zahran. Mimi, Simai, nilimtangulia kwa miaka miwili. Mwaka 1985 skulini yeye alirushwa darasa, mimi nikarejeshwa, tukakaa dawati moja. Sikusema naye wiki nzima, naye kila siku akinichongea penseli.

Alipata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 1999. Mwaka 2001 aliolewa na Bwana Tamim Masoud, wakajaaliwa watoto wawili. Mwaka 2003 alikuja kufundisha uandishi wa programu za kompyuta kwa wanaoanza, katika kituo kile kile nilichokuwa nikifundishia mimi somo hilo hilo.

Mimi nilifundisha kwa chaki na daftari. Mwaka 2006 marehemu aliwafungulia wanafunzi wake tovuti ambamo mtu huandika programu na kuiona ikifanya kazi hapo hapo. Wanafunzi wangu wakaanza kuhamia kwake. Nilimuuliza mmoja wao, Biasha, kwa nini.

"Kule naambiwa nilipokosea saa ile ile, mwalimu. Kwako nasubiri mpaka Jumatatu."

Roho iliniuma sana.

Mkuu wa kituo alitaka kujua kama wanafunzi wanaikubali tovuti ile. Marehemu akawagaia wanafunzi arubaini karatasi za maoni, nami nikapewa kazi ya kuzikusanya. Nilipeleka kumi na moja, za waliolalamikia mtandao kukatika. Ishirini na tisa zilizosifu nilizificha kabatini. Tovuti ikasitishwa.

Juni 2008 marehemu alianza kuumwa figo. Novemba nilimpelekea karatasi zile kitandani, nikamwambia nililofanya.

"Nnajua, kaka," alisema. "Nligawa arubaini."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa. Sasa zipeleke kwa mkuu, mwenyewe."

Nilizipeleka. Mkuu alinipa barua ya onyo, na Januari darasa likarudi mtandaoni.

Bi Khairat alifariki nyumbani kwake Mwanakwerekwe, Jumatatu tarehe 9 Februari 2009, alasiri.

Ameacha mama, mume, watoto wake Maha na Khatib, mimi kaka yake, na wanafunzi waliojaa barazani hapa tangu asubuhi. Mimi sitaliliwa hivi, na hata leo, Mungu anisamehe, nnamuonea wivu.

Ya Rabbi, mpumzishe mdogo wangu kwa amani.